Kisiwa Kilichofanywa Kitupu

Ukisimama kwenye pwani ya kusini ya Malta, karibu na mahekalu ya mawe ya Ħaġar Qim na Mnajdra yaliyojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, utaona jabali moja baharini, bapa juu na wima ubavuni. Hicho ndicho kisiwa cha Filfla. Kiko kilomita 5 hivi kutoka pwani, ukubwa wake ni hekta chache tu, na kimo chake ni mita 60 hivi. Hakina nyumba wala gati wala kisima. Pembeni mwake kuna kijiwe kidogo zaidi, Filfoltta, ambacho ndicho ncha ya mwisho ya nchi ya Malta upande wa kusini. Ukikipita hicho, mbele yako ni maji mpaka Libya. Vitabu vya jiografia humaliza habari za visiwa vya namna hii kwa kusema kwamba havikaliwi na watu, kisha vinafungua ukurasa mwingine. Nadhani maneno hayo yanaficha kuliko yanavyoeleza. Filfla hakikuzaliwa kitupu kikabaki hivyo. Utupu wake umetengenezwa, kwa sehemu na ardhi yenyewe na kwa sehemu kubwa zaidi na watu, na asiyejua ulivyotengenezwa hawezi kueleza kwa nini jabali hili dogo lilitajwa mbele ya majaji wa The Hague, wala kwa nini leo hakuna anayeruhusiwa kulikanyaga bila kibali.

Tuanze na ardhi. Visiwa vya Malta vyote ni mawe ya chokaa na udongo, yaliyotuama tabaka juu ya tabaka katika sakafu ya bahari ya kale, mamilioni ya miaka kabla mwanadamu hajakuwapo. Chini kabisa kuna chokaa gumu, juu yake chokaa laini la rangi ya asali ambalo Wamalta hulichonga matofali ya kujengea, kisha udongo mzito wa kijivu unaoelekea rangi ya samawati, na juu ya yote chokaa jingine gumu. Mtu akitembea katika vilima vya magharibi mwa Malta, chokaa hilo la juu atalikuta kileleni, mita mia mbili na zaidi juu ya bahari. Filfla kimeumbwa kwa jiwe hilohilo la kileleni, lakini kimekaa majini. Sababu ni ufa mkubwa wa ardhi, uitwao Maghlaq, unaopita sambamba na pwani ya kusini. Ardhi ilipokatika hapo, upande wa kusini uliteremka kwa zaidi ya mita 200, ukazama karibu wote. Kwa hiyo anayekitazama Filfla kutoka ng'ambo anaona kilele cha kilima ambacho miguu yake imebaki chini ya maji. Na hata maji hayo hayakuwa hapo daima. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini mwa dunia, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita 120 hivi, na wataalamu wanaona kwamba Malta yenyewe wakati huo ilikuwa imeshikana na Sicily kwa nchi kavu. Filfla kilikuwa kilima miongoni mwa vilima. Bahari ilipopanda, ilikitenga.

Mtu anaweza kunikatiza hapa na kusema kwamba hoja imekwisha. Mahali padogo, pasipo na maji ya kunywa, palipozungukwa na magenge yanayoporomoka, hapakaliki, na hakuna haja ya kutafuta mkono wa binadamu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali. Udogo peke yake haujawahi kuzuia watu. Wasomaji wa Kenya na Uganda wanakijua kisiwa cha Migingo katika Ziwa Victoria, jabali tupu lililo dogo kuliko Filfla kwa mbali, ambalo limefunikwa mabati kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na linakaliwa na mamia ya watu, kwa sababu sangara wanavuliwa jirani. Ni kweli Migingo kimezungukwa na maji yanayonyweka na Filfla kimezungukwa na chumvi. Tofauti hiyo siipuuzi. Lakini maji ya kunywa huletwa na mashua penye sababu ya kuyaleta. Kinachoamua kama jabali litakaliwa ni faida iliyopo pale ikilinganishwa na taabu ya kuishi pale, na hesabu hiyo hubadilika kizazi hata kizazi.

Na Filfla hakikuwa mbali na watu hivyo. Mwaka 1343 lilijengwa kanisa dogo ndani ya pango la kisiwa hicho, na ndilo jengo pekee la kudumu linalojulikana kuwahi kuwako huko. Halijengwi kanisa mahali ambapo hapafikiwi na mtu. Lilidumu karne tano, mpaka mwaka 1856, tetemeko la ardhi lilipoliangusha na kuzamisha sehemu ya kisiwa. Hapo pia ardhi na watu wamefungamana: genge lilipobomoka, sababu ya kwenda Filfla ilibomoka nalo. Hakuna aliyelijenga upya.

Aliyefuata kukitumia kisiwa alikuja na mizinga. Malta ilikuwa chini ya Uingereza, na bandari yake kuu ilikuwa kituo cha manowari za Kiingereza katika Bahari ya Kati. Wanamaji wanahitaji kitu cha kulenga wanapofanya mazoezi, na machoni pao jabali lisilo na mwenyewe wa kulalamika, lililo karibu na bandari lakini mbali na nyumba za watu, lilikuwa zawadi. Meli zikalipiga, na baadaye ndege za jeshi la anga zikaliangushia mabomu. Mazoezi hayo yaliendelea mpaka mwaka 1971, miaka saba baada ya Malta kupata uhuru wake. Kingo za kisiwa zikamomonyoka kwa kasi ambayo mawimbi pekee yasingeifikia. Leo sehemu kubwa ya miguu yake imefunikwa vifusi vya mawe, mengine makubwa kama gari, yaliyoanguka kutoka juu na kurundikana mpaka majini, na chini ya bahari jirani yamelala mabomu ambayo hayajalipuka. Nafikiri ni haki kusema wazi kwamba neno "kisichokaliwa" lilitumika hapo kama kibali. Mahali pasipo na mtu palihesabiwa kuwa pasipo na kitu, na pasipo na kitu panaweza kupigwa.

Kumbe palikuwa na vitu, na vingine havipo mahali pengine popote. Katika nyufa na chini ya vile vifusi huzaana petreli wa dhoruba, ndege wa baharini mweusi mwenye doa jeupe kiunoni, ambaye uzito wake ni gramu 30 hivi, mwepesi kuliko yai la kuku. Maisha yake yote huyapitisha juu ya mawimbi. Nchi kavu huijia kwa ajili ya kuzaa tu, tena usiku, kwa kuwa mchana shakwe wangemmeza. Jike hutaga yai moja kwa msimu. Wazazi wawili hupokezana kulilalia kwa siku 40 hivi, mmoja akiwa gizani ndani ya ufa na mwenzake akitafuta chakula baharini, na kinda likianguliwa huchukua miezi miwili hivi kabla ya kuruka. Ndege anayezaa polepole kiasi hicho hana namna ya kufidia hasara kubwa: kundi likipoteza wazazi wake wengi msimu mmoja, huchukua miaka mingi kurudi lilipokuwa. Idadi iliyozoeleka kutajwa kwa Filfla ni jozi 5,000 hadi 8,000, na hilo ni miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya ndege huyu katika Bahari ya Kati nzima. Pamoja nao wapo ndege wengine wa bahari wakubwa zaidi, na wapo shakwe.

Halafu kuna mjusi. Aina yake inapatikana katika visiwa vyote vya Malta na katika visiwa viwili vidogo vya Italia, Linosa na Lampione, lakini jina lake la kisayansi, Podarcis filfolensis, alipewa kutokana na jabali hili, alipoelezwa na mtaalamu Bedriaga mwaka 1876. Wale wa Filfla wamekuwa tofauti na ndugu zao: wana weusi unaokaribia wa mkaa, wenye madoa ya samawati yanayong'aa. Kuna pia konokono mdogo mwenye kombe refu lililosokotwa, wa namna isiyoishi kwingine, na kitunguu pori ambacho bua lake huweza kufikia mita mbili, kikiwa kinaota mahali ambapo mgeni angeapa kwamba hapaoti kitu. Jiografia ya kisiwa ndiyo inayoeleza haya yote. Bahari ilipokitenga kilima hiki iliwafungia humo mijusi na konokono, wakazaliana wao kwa wao vizazi elfu na elfu, na kila badiliko dogo likabaki humohumo. Magenge yaliwazuia watu kulima. Vifusi viliwapa ndege vyumba. Na jambo lililo kubwa kuliko yote, panya hawakufika. Katika visiwa vingi vya Bahari ya Kati panya waliofuatana na mabaharia ndio walioangamiza ndege wanaotaga ardhini, na petreli hana kinga yoyote dhidi ya mnyama anayeingia ufa uleule anaoingia yeye.

Hapo linakuja pingamizi gumu zaidi, na wapo watu wenye akili wanaolishikilia. Wanasema kwamba mizinga ndiyo iliyokiokoa Filfla. Wavuvi na wawindaji waliogopa kukaribia, hakuna aliyejenga hoteli, hakuna boti ya watalii iliyotia nanga. Na tena mawe yaliyoangushwa na mabomu yaliongeza mianya ambamo petreli hutaga. Sehemu ya hoja hii naikubali bila kusita. Ndege wengi huzaa katika vifusi, na haijalishi kwao kama jiwe liliangushwa na tetemeko au na kombora. Lakini hoja inachanganya mambo mawili. Kilichowaweka watu mbali ni marufuku. Mlipuko wenyewe uliua na kubomoa. Marufuku ingewekwa bila bomu hata moja, kama ilivyokuja kuwekwa baadaye, na matokeo mema yangekuwa yaleyale. Bomu lililoanguka mwezi wa kuzaa halikuchagua kati ya mwamba na kiota. Tena kisiwa chenyewe kilipunguka, na kisiwa kinachopunguka hakirudi. Jiwe la chokaa halikui upya. Anayesema kwamba mizinga ilihifadhi anasifu kufuli kwa kazi iliyofanywa na mlango.

Mabadiliko ya kisheria yalikuja haraka mara jeshi lilipoondoka. Kituo cha kijeshi cha Uingereza kilifungwa mwaka 1979. Mwaka uliofuata, 1980, Filfla kilitangazwa hifadhi ya ndege, na mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya kukifanya hifadhi ya asili, ikikataza watu kufika isipokuwa kwa utafiti au elimu na kwa kibali. Sheria hiyo iligusa hata bahari: uvuvi ulipigwa marufuku ndani ya maili moja ya baharini kukizunguka kisiwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa hatari ya mabomu yaliyobaki chini. Nitalirudia jambo hili, maana sababu hiyo inanitia mashaka.

Katikati ya tarehe hizo mbili, Filfla kilifika mahakamani. Malta na Libya zilikuwa zikigombania sakafu ya bahari iliyo kati yao, na nyuma ya ugomvi huo kulikuwa na matumaini ya mafuta. Mwezi Agosti 1980 manowari ya Libya ililazimisha chombo cha Kiitaliano kilichokuwa kikichimba kwa kibali cha Malta kuacha kazi. Nchi hizo zikapeleka shauri lao kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Njia ya kawaida ya kuanza kugawa bahari kati ya pwani mbili zinazotazamana ni kuchora mstari wa kati, ambao kila nukta yake ina umbali sawa na pwani ya huku na ya kule. Sasa Malta ilikuwa imekihesabu Filfla katika misingi ya kupimia pwani yake. Ukianzia kupima kwenye jabali lililo kilomita 5 nje, mstari unasogea kuelekea Libya, na kwa mapana ya bahari ile msogeo mdogo ni eneo kubwa la sakafu. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Juni 1985. Mahakama iliona kwamba haki inataka Filfla kisihesabiwe katika kuchora mstari huo, ili kijiwe kisilete athari isiyolingana na ukubwa wake. Haikusema kwamba Malta ilikosea kukiweka katika misingi yake ya pwani. Hilo ililiacha pembeni. Ilikiondoa katika hesabu moja tu.

Si jambo la kubahatisha kwamba kesi hii ilihusu Malta. Mwaka 1967 balozi wake katika Umoja wa Mataifa, Arvid Pardo, alitoa hotuba iliyotaka sakafu ya bahari kuu iwe urithi wa wanadamu wote, na hotuba hiyo ndiyo iliyosukuma mazungumzo marefu yaliyozaa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Ndani ya mkataba huo kipengele cha 121 kinasema kwamba miamba isiyoweza kubeba makazi ya watu wala maisha ya kiuchumi ya kwao yenyewe haipati ukanda wa kiuchumi wa bahari. Inapata bahari ya taifa, maili 12, basi. Kwa maneno mengine, utupu ulipewa bei kisheria. Nchi zote zenye vijiwe baharini zilijua tangu siku hiyo kwamba swali la kama mtu anaweza kuishi mahali fulani si la wanajiografia peke yao. Afrika Mashariki nayo imeligusa jambo hili: katika hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, tarehe 12 Oktoba 2021, mahakama hiyohiyo ilikataa kuvitumia visiwa vidogo vikavu vya Diua Damasciaca, karibu na pwani ya Somalia, kuwa mahali pa kupimia mstari wa kati. Hoja ilikuwa ileile ya Filfla, miaka 36 baadaye, kwamba kijiwe kisiuvute mpaka kupita kiasi chake.

Atakayesoma hukumu hizo haraka anaweza kuona zinabomoa hoja yangu: ikiwa majaji wamesema kisiwa hakihesabiki, basi ni kweli ni kitu kitupu. Sivyo. Majaji waliulizwa swali moja, jinsi ya kugawa sakafu ya bahari kwa haki kati ya pwani mbili ndefu, na kwa swali hilo hekta chache ni sifuri kweli. Naiona hukumu hiyo kuwa ya busara. Ingekuwa kichekesho jabali lisilo na mtu linyime nchi nyingine eneo kubwa la sakafu ya bahari. Lakini sifuri ya mahakama haihamishiki kwenye swali jingine. Ukiuliza ni wapi petreli wa Bahari ya Kati watazaa, Filfla ni kikubwa kuliko Malta yote yenye watu nusu milioni. Udogo na upweke uleule uliokiondoa kisiwa katika hesabu ya mpaka ndio uliokiingiza katika hesabu ya uhai. Kosa la watu wa mizinga lilikuwa kutojua kwamba hesabu ziko mbili.

Sasa nirudi kwenye ile maili moja. Marufuku iliyojengwa juu ya mabomu ina udhaifu ambao hauonekani mpaka utakapoifuata hadi mwisho. Siku mabomu yatakapoopolewa, au watu watakapoamua kwamba hatari imepungua, mvuvi atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini bado anazuiwa, na mwenye boti ya watalii atauliza baada yake. Wavuvi wa Malta si watu wa kulaumiwa kwa kutaka samaki. Samaki ni riziki yao, na serikali inayomzuia mtu riziki inadaiwa sababu ya kweli. Sababu ya kweli ipo, nayo ni ndege. Petreli huja kisiwani usiku. Taa za vyombo na za pwani huwapoteza mwelekeo. Na mashua yoyote inayofunga kamba pale inaweza kushusha panya. Panya mmoja mwenye mimba anatosha kufanya kile ambacho miongo ya makombora haikufanya, kwa kuwa kombora haliingii ndani ya ufa kutafuta yai. Ukaguzi wa vyombo vya watafiti kabla ya kuondoka bandarini, mitego ya tahadhari kwenye vifusi, na taa zinazoelekezwa chini katika pwani iliyo mkabala ni kazi za gharama ndogo zikilinganishwa na gharama ya kuwaondoa panya kisiwani wakishaingia, tena kwenye magenge ambako mtu hana pa kuweka mguu. Sheria inayoyataja hayo kwa majina yake ingebaki na nguvu hata bahari ikisafishwa mpaka kombora la mwisho.